Bandari inapanuliwa, mkondo unachimbwa: maswali ambayo wafanyabiashara wa Kampala huniuliza kila wiki

Mimi kazi yangu ni kuklia mizigo, ofisi iko Kampala karibu na Nakivubo, na kila redio ikitangaza kwamba bandari ya Mombasa au ya Dar imeongezwa gati simu yangu hailali. Watu wa masoko ya hapa, Kikuubo na Kisenyi, madereva wa mpakani Malaba, hata wanafunzi. Maswali ni yaleyale, sasa nimeamua kuyaandika mahali pamoja ili nikiulizwa tena nitume tu. Kama jibu liko kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Uganda haina bahari, sasa bandari ya Mombasa ikipanuliwa mimi inanihusu nini?

Inakuhusu sana ndugu yangu. Angalia duka lako: vigae, matairi, nguo, simu, mashine ya kusaga, karibu kila kitu kilichotoka nje kilishuka melini Mombasa au Dar es Salaam. Katika mizigo yote inayopita Mombasa kwenda nchi nyingine, yaani transiti, ya Uganda peke yake ni zaidi ya nusu. Rwanda, Sudan Kusini, Kongo na wengine wote wanagawana inayobaki.

Na hii si habari ya jana. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, vyuma vyake vilishushwa palepale Kilindini, yaani bandari ya Mombasa, na ikaitwa Reli ya Uganda ingawa sehemu kubwa ilipita ardhi ya Kenya ya leo. Ilifika Kisumu 1901 na Kampala 1931. Kwa hiyo ile bandari tangu mwanzo ilijengwa ikitutazama sisi.

Wanaposema wanapanua bandari wanapanua nini hasa?

Vitu vitatu, na watu wanavichanganya. Kuna gati, yaani ukuta ambapo meli inaegeshwa na kreni zinasimama. Kuna yadi, ule uwanja wa nyuma ambapo makontena yanapangwa juu kwa juu yakisubiri kuchukuliwa. Halafu kuna mkondo, ile njia ya majini ambayo meli inapita kutoka bahari kuu hadi gatini.

Ukirefusha gati bila kuchimba mkondo, meli kubwa itabaki nje ikilitazama gati. Ukichimba mkondo bila kuongeza yadi, meli itaingia, itashusha, halafu makontena yatakosa pa kukaa na magari yatakosa pa kupita. Kwa hiyo ukisikia kimoja kimemalizika, uliza vile vingine viwili vimefika wapi.

Kuchimba mkondo ni kuchimba nini, si ni bahari tayari?

Bahari ndio, lakini bahari ina sakafu na sakafu ina mchanga, tope na mwamba. Meli ya makontena ikijaa inazama chini mita nyingi, kile kimo cha chini ya maji tunaita drafti, na lazima ibaki nafasi kati ya tumbo la meli na sakafu. Kwa hiyo inaletwa meli maalum yenye mabomba makubwa, inanyonya mchanga inaujaza tumboni mwake, inakwenda kuumwaga mbali baharini au sehemu wanayotaka kujaza ardhi mpya. Hiyo ardhi mpya ndio mara nyingi inakuwa yadi.

Waswahili wa pwani walijua haya mapema, jina lenyewe Kilindini linatoka kwenye kilindi, maji ya kina kirefu. Lakini kilindi cha jahazi na kilindi cha meli ya leo si kimoja. Mombasa walichimba mkondo na kumaliza mwaka 2012, wakaufikisha kina cha mita 15, na wakapanua pia ile sehemu ya meli kugeukia.

Kabla ya kuchimba, meli nzito ilikuwa inasubiri maji yajae ndio ipite. Pwani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na maji kupwa inapita mita tatu. Sasa fikiria meli imechelewa saa moja tu kufika, maji yameshaanza kupwa, inabidi ingoje maji mengine. Yale masaa yana gharama, na gharama haibaki baharini.

Mkondo wenyewe ukoje? Sijawahi kufika Mombasa.

Nikueleze nilichoona. Siku moja jioni nilikuwa kwenye feri ya Likoni, imejaa watu mpaka pembeni, kuna mama ana kuku wawili kwenye kapu, kuna vijana na baiskeli. Feri ikangoja, haiondoki. Kidogo nikaona jengo linatembea. Si jengo, ni meli ya makontena, inapita mbele yetu taratibu na tagi mbili, zile meli ndogo za kuvuta na kusukuma, ziko ubavuni kama ndama na mama yao, juu kabisa makontena ya rangi zote, na mimi najua ndani ya mojawapo huenda kuna mzigo wa mtu wa Kikuubo anayenipigia simu kila asubuhi. Watu wote kwenye feri walinyamaza wakatazama juu.

Ndio mkondo huo. Meli kubwa zote za Kilindini zinapita hapo ambapo feri inavusha watu, hakuna njia ya pili. Kila meli inapandwa na rubani wa bandari anayejua kona na maji ya pale, nahodha wa meli haingizi peke yake.

TEU ni nini?

Ni kipimo. Kontena moja ya futi 20 ni TEU moja, ya futi 40 ni mbili. Basi. Bandari ikisema imepokea TEU milioni mbili haimaanishi makontena milioni mbili, nyingi ni zile za futi 40.

## Mombasa, Dar na wengine

Mombasa wameongeza nini mpaka sasa?

Mwaka 2013 walirefusha upande wa zamani kwa gati namba 19. Halafu ikaja kazi kubwa, kituo cha pili cha makontena pale Kipevu, kwa mkopo wa Japani kupitia JICA, shirika lao la misaada. Awamu ya kwanza ilifunguliwa 2016 ikiwa na uwezo wa TEU 550,000 kwa mwaka. Awamu ya pili ilimalizika 2022 ikaongeza TEU 450,000. Mpango una awamu ya tatu pia.

Na mizigo imefuata. Mwaka 2023 bandari ilipitisha kama TEU milioni 1.6, mwaka 2024 ikafika milioni 2. Ongezeko hilo kwa mwaka mmoja ni kubwa mno, na linakuonyesha kwamba nafasi mpya haikai tupu. Gati likijengwa leo limeshajaa kabla rangi haijakauka.

Na Dar es Salaam je?

Dar walikuwa na shida kubwa zaidi ya kina. Mradi wao mkubwa ulianza 2017 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, wakaimarisha gati namba 1 hadi 7 na kuzichimba mpaka mita 14.5, wakajenga na gati la kushusha magari. Mkondo nao ukaingia kwenye kazi ya kuchimbwa na kupanuliwa.

Upande wa uendeshaji, Oktoba 2023 Tanzania ilisaini mkataba na DP World ya Dubai wa miaka 30, na mwaka 2024 kituo cha makontena cha gati 8 hadi 11 kikaenda kwa kampuni ya Adani ya India. Kelele zilikuwa nyingi Tanzania kuhusu hiyo mikataba. Mimi kama mtu wa mizigo naangalia kitu kimoja: meli inakaa nje siku ngapi. Mwishoni mwa 2023 zilikuwa zinapanga foleni nje ya Dar kweli kweli, baadaye hali ikaanza kulegea.

Sasa nipitishe wapi, Mombasa au Dar?

Kwa mtu wa Kampala, Mombasa ni karibu zaidi, kama kilomita 1,170 kwa barabara kupitia Malaba au Busia. Dar kupitia Mutukula, mpaka wetu na Tanzania, ni zaidi ya kilomita 1,500. Trela inakula mafuta kwa kilomita, kwa hiyo Dar lazima ikupe kitu kingine cha kufidia, labda tozo nafuu au siku chache bandarini. Ukiwa mtu wa Mbarara au Masaka hesabu inabadilika kidogo, Mutukula iko upande wako.

Ushauri wangu ni huu: usihame bandari kwa sababu ya habari ya redio. Chukua mzigo wako mmoja wa mwisho, andika tarehe meli ilipofika, tarehe kontena ilipotoka getini, tarehe ilipofika kwako. Hizo tarehe tatu zina maana kuliko hotuba yoyote.

Lamu haitusaidii?

Gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na kina chake ni kizuri, mita 17.5, kuliko hata Mombasa. Tatizo ni kwamba bandari bila barabara na reli nzuri nyuma yake ni gati tu. Kwa mzigo wa Kampala bado si njia ya kuitegemea.

## Pesa

Bandari ikipanuliwa bei ya kuleta kontena itashuka?

Hili ndio swali namba moja na nataka nilijibu bila kuzunguka. Inaweza kushuka, lakini si kwa sababu ya upanuzi peke yake, na haishuki yenyewe.

Faida ya kweli iko hivi: mkondo ukiwa na kina, meli moja ya makontena 4,000 inaingia badala ya meli mbili za 2,000. Mabaharia ni walewale, mafuta hayaongezeki mara mbili, kwa hiyo gharama ya kila kontena baharini inapungua. Pia meli isiposubiri nje, kampuni ya meli haina sababu ya kukutoza ile nyongeza ya msongamano. Hapo sawa.

Lakini meli kubwa inashusha makontena mengi kwa mkupuo. Jumatatu yadi ilikuwa na nafasi, Jumatano kuna mlima. Wote mliokuwa kwenye hiyo meli mnataka kutoka siku ileile, kupitia geti lilelile, kwa magari yaleyale, na wenye magari wanajua, bei ya trela inapanda. Nimeona wiki ambazo meli iliingia bila kusubiri hata saa moja na bado wateja wangu walipata mzigo kwa kuchelewa, kwa sababu foleni ilihama tu kutoka baharini ikaja nchi kavu.

Halafu kuna mambo ambayo bandari haiyawezi. Kuanzia mwisho wa 2023 meli ziliposhambuliwa Bahari ya Shamu, kampuni nyingi zikazunguka kupitia Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika, nauli ikapanda. Gati likiwa refu namna gani halizuii hilo.

Storeji, demareji na dipoziti tofauti yake ni nini? Nimelipishwa zote.

Storeji inalipwa bandarini, ni kodi ya mahali kontena ilipokaa kwenye yadi baada ya siku za bure kuisha. Demareji inalipwa kwa kampuni ya meli, kwa sababu kontena ni mali yao na wewe umekaa nayo. Dipoziti ni pesa unayoweka kwa hiyo kampuni kama dhamana kwamba kontena tupu itarudi, na ukichelewa kuirudisha wanakata humohumo.

Kwa hiyo kontena moja inaweza kuwa inakula pesa sehemu mbili kwa wakati mmoja, na watu wengi hawajui mpaka bili inakuja. Siku za bure za bandari na siku za bure za kampuni ya meli hazifanani, uliza zote mbili kabla mzigo haujapakiwa kule China au Dubai. Kabla, si baada. Ukiwa na mizigo mingi unaweza kuomba siku za ziada na wengine wanakubali, lakini lazima ziandikwe.

Ule mkopo wa Japani au Benki ya Dunia analipa nani?

Inalipa serikali iliyokopa, Kenya au Tanzania. Lakini bandari inapata pesa kwa tozo, na tozo zinalipwa na mwenye mzigo, pamoja na wewe wa soko la Owino. Ndio maana nasema Waganda tuna haki ya kuuliza bandari inaendeshwaje, sisi si wapita njia, tunalipa. Hata sheria ya bahari ya Umoja wa Mataifa ya 1982 inazipa nchi zisizo na pwani haki ya kupitisha mizigo kwenda baharini na kurudi.

## Kutoka getini mpaka Kampala

Kontena imeshashuka meli wiki mbili, mbona iko bandarini bado?

Mara nyingi sana ni makaratasi. Naomba mnielewe hapa kwa sababu ndipo pesa za watu zinapofia.

Nina mteja, mama mmoja anayeuza vigae. Meli yake iliingia vizuri, kontena ikashushwa siku ileile. Kule ilikotoka mtu alikosea herufi mbili za jina la kampuni yake kwenye BL, ile karatasi ya meli. Jina la BL halikulingana na jina la TIN, namba yake ya mlipa kodi. Ajenti wa meli akasema lazima irekebishwe, marekebisho yanalipiwa, na yanasubiri jibu la ofisi ya nje ambayo masaa yake si masaa yetu, na katikati ikaangukia sikukuu. Herufi mbili. Siku za bure zikaisha, storeji ikaanza kuhesabu na demareji nayo ikaanza. Yule mama alikuja ofisini kwangu akakaa kwenye kiti akanyamaza, faida yote ya ile kontena ilikuwa imeishia Kilindini. Mkondo ulikuwa na kina cha kutosha kabisa siku hiyo.

Kwa hiyo: omba upewe nakala ya BL kabla haijachapishwa, soma jina, TIN, idadi ya vifurushi, uzito, namba ya kontena, soma mwenyewe kwa macho yako. Kurekebisha kabla manifesti, ile orodha ya mizigo yote ya meli, haijaingia forodha ni rahisi, baadaye ni shida.

Kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, nalipa Kampala au Mombasa?

Unalipa kwa URA, na unaweza kulipa kabla kontena haijatoka bandarini. Tangu 2014 tuna eneo moja la forodha la Afrika Mashariki, yaani tamko la mzigo linafanyika mara moja, maafisa wa URA wako Mombasa na wanashirikiana na wa KRA, wenzao wa Kenya. Gari linafungwa sili ya elektroniki na linafuatiliwa njiani. Mzigo unaokwenda bondi au ICD, yaani ghala au bandari kavu iliyo chini ya forodha, una utaratibu wake na kodi inasubiri, lakini kwa wa matumizi ya nyumbani anza tamko wakati meli bado iko baharini. Hamna sababu ya kungoja ifike.

Naweza kubeba kontena mbili za futi 20 kwenye trela moja?

Inategemea uzito. Sheria ya Afrika Mashariki inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari lote pamoja na mzigo, na kila ekseli ina kikomo chake pia. Kontena mbili za nguo zinaweza kupita, mbili za vigae hapana. Usimsukume dereva ajaribu, mizani ya kwanza ni Mariakani, hata Mombasa hajaiacha mbali, na faini ni kubwa.

SGR, ile reli ya kisasa, ikifika Kampala mambo yatabadilika?

Naamini ndio, na hapa ndio nina tumaini kubwa kuliko kwenye gati lolote. Reli ya kisasa ya Kenya ilianza Mombasa hadi Nairobi 2017 na ikafika Naivasha 2019, ikasimama. Uganda ilisaini na kampuni ya Uturuki Yapi Merkezi mwaka 2024 kujenga kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Sasa hesabu ni rahisi: kipande chetu kikikamilika na cha Kenya cha Naivasha hadi Malaba hakijafika, treni itakuwa na mwanzo bila mwisho. Vyote viwili viende pamoja. Treni ikiingia moja kwa moja mpaka yadi, ule mlima wa Jumatano niliosema kwenye swali la bei unaondoka kwa mabehewa, si kwa magari mia yanayogombania geti.

Na ziwa?

Ziwa tunalidharau. Kuna njia ya Dar kwa reli hadi Mwanza, mabehewa yanaingia melini na kuvuka Viktoria mpaka Port Bell, bandari ya ziwa hapa Kampala. Ilikuwa imelala miaka mingi ikafufuliwa 2018. Meli ni chache, lakini kwa mzigo mzito usio na haraka, ulizia.

## Maswali magumu

Mchanga ukishachimbwa haurudi?

Unarudi. Mito inaleta tope, mawimbi yanasogeza mchanga, na meli zenyewe zinautibua. Kuchimba ni kazi ya kurudiwa, na bandari isiyotenga pesa ya matunzo itajikuta na mkondo wa mita 15 kwenye karatasi tu.

Wavuvi je?

Wanaumia, na lazima tuseme. Kunyonya mchanga kunachafua maji, samaki wanahama, matumbawe na majani ya bahari yanafunikwa na tope. Wavuvi wa Mombasa walidai fidia kwa sababu ya uchimbaji na walihangaika nayo muda mrefu. Kontena yangu ikifika haraka nafurahi, lakini kuna mtu wa Likoni ambaye mtego wake umebaki mtupu kwa ajili hiyo, na fidia yake ilipaswa kulipwa kabla ya kazi kuanza.

Sisi tunaouza nje tunapata nini? Mimi ni mtu wa kahawa.

Unapata meli nyingi zaidi na kontena tupu kwa urahisi, kwa sababu Uganda inaagiza makontena mengi kuliko inayojaza kupeleka nje, kwa hiyo mengi yanarudi matupu. Kontena ya futi 20 inabeba kama magunia 320 ya kilo 60. Kagua kontena kabla ya kupakia: ingia ndani, fungiwa mlango, ukiona mwanga unapenya ikatae. Nusa pia, kahawa inavuta harufu ya kilichobebwa kabla yake.

Mombasa ikifungwa ghafla kwa fujo au uchaguzi?

Wazee wa biashara hawajasahau Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya barabara zilizibwa, reli iling'olewa Kibera, na Kampala petroli ikakosekana. Na mwanzoni mwa 2022 magari yalipanga foleni ndefu mno Malaba kwa ajili ya kupimwa korona. Kwa hiyo hata kama unapenda Mombasa, kuwa na ajenti unayemjua Dar, na msimu wa uchaguzi vuta mizigo yako mapema.

Meli yangu inaonekana kwenye simu imetia nanga nje, nifanye nini sasa hivi?

Usikae ukiitazama. Piga simu kwa ajenti wa meli uulize imepangiwa gati lini na itashushia kituo kipi. Hakikisha manifesti imeingia na jina liko sawa. Maliza tamko, lipa kodi, lipa ajenti wa meli upate ruhusa ya kuchukua. Tafuta trela leo, usingoje siku ya kushusha, umwambie mwenye gari namba ya kontena na tarehe. Muulize pia kontena tupu itarudishwa wapi, kama ni Mombasa au kuna yadi hapa Kampala wanaipokea. Meli ikipata rubani na kuanza kuingia Likoni, wewe uwe umebaki na kazi moja tu ya kumsubiri dereva akupigie kutoka getini.